Walilipa Frankfurt

Vijana wanaouza vinyago karibu na sanamu ya Askari, pale Posta, wananiambia watalii wako wa aina mbili. Kuna anayetembea na pesa mfukoni, na kuna "aliyeshalipa". Huyu wa pili anaangalia, anacheka, anarudi kwenye basi. Chumba chake, chakula chake, hata safari yake ya mbugani, vyote alivimaliza kwao kabla ya kupanda ndege. Hana haja na kinyago chako, bwana.

Mtu huyu ana historia. Mwaka 1956 kampuni changa ya Ujerumani Magharibi, Deutsche Flugdienst, ilianza kuruka na ndege tatu za Vickers Viking, kila moja ya abiria 36. Safari ya kwanza ilipeleka mahujaji Nchi Takatifu. Tangu 1961 ikaitwa Condor, na mwaka 1966 ikaanza kuvuka mabara, Kenya ikiwamo.

Biashara yenyewe ni ya ndege za kukodi. Wakala wa utalii anachukua viti kwa jumla, anavifunga pamoja na kitanda na ufuko, anauza kama furushi moja. Ndege ikishusha kundi, inaondoka na lile lililomaliza likizo, maana kiti kitupu ni hasara. Ulaji mkubwa unabaki kule furushi lilikouzwa.

Kumbe vijana wa Dar walishaliona hilo. Mwaka 1970 wanafunzi wa Mlimani, wa Umoja wa Vijana wa TANU, waliuliza katika gazeti la The Standard: utalii na ujamaa vinakaaje nyumba moja? Faida inabaki kwa nani? Wakubwa wakajibu, wengine wakawajibu wakubwa, mpaka malumbano yakawa kitabu. Issa Shivji alikihariri, Tanzania Publishing House ikakichapa mwaka 1973. Sisi tunaojifunza kuandika tukumbuke hapo: wanafunzi, kwa kalamu tu, waliilazimisha serikali kujieleza.

Halafu ukaja 1977. East African Airways ikafa, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Watalii walikuwa wakishukia Kenya, wanavuka kuja kuangalia wanyama wetu, wanarudi kulala kule. Tumaini lilikuwa ndege zitue moja kwa moja Kilimanjaro, kwenye uwanja uliofunguliwa 1971. Lakini ndege za kukodi ziliendelea kwenda zao Mombasa, na mpaka ukafunguliwa 1983.

Kwa maoni yangu wale vijana walijibiwa swali ambalo hawakuuliza. Waliuliza pesa inabaki wapi. Wakajibiwa ndege itue wapi. Baadaye Condor ilikuja kutua Kilimanjaro na Zanzibar pia. Muuza vinyago bado anakutana na "aliyeshalipa".

Na hao wanaotuuzia furushi hawachezi na ndege zao. Septemba 2019, Thomas Cook ya Uingereza, iliyokuwa mmiliki wa Condor, ilipofilisika, serikali ya Ujerumani na jimbo la Hesse zilisimamia mkopo wa euro milioni 380 ili ndege za likizo zisilale chini. Mwaka 2021 mwekezaji Attestor akachukua asilimia 51. East African Airways ilikuwa na serikali tatu. Zilibaki zinadaiana.