Ngao kwenye jalada: Kitabu hiki kilikuwa cha nani?

Mpenzi msomaji, hebu itazame pasipoti yako. Juu ya jalada pana ngao, simba wawili na jogoo aliyeshika shoka. Hakuna atakayekuuliza nembo ile ni ya nani. Lakini je, ukikutana na kitabu cha miaka 400 iliyopita, kimejalidiwa kwa ngozi na kupigwa chapa ya dhahabu yenye ngao usiyoijua, utamtambuaje mwenyewe?

Swali hili si la kupitishia wakati. Sisi wanahistoria tunataka kujua nani alisoma nini, na si kila mmiliki aliandika jina lake ndani ya kitabu. Mara nyingine jalada ndilo shahidi wa pekee aliyebaki.

Mfano ninaoupenda ni wa Jacques-Auguste de Thou (1553–1617), mwanahistoria Mfaransa aliyekabidhiwa maktaba ya mfalme mwaka 1593. Ngao yake ilikuwa na alama iliyokaa kama paa la nyumba pamoja na pange watatu, wale nzi wanaouma ng'ombe. Alipokuwa kapera, ngao hiyo ilisimama peke yake. Alipomwoa Marie de Barbançon mwaka 1587, ngao ya ukoo wa mke ikawekwa ubavuni mwa yake. Marie akafariki mwaka 1601, de Thou akamwoa Gasparde de La Châtre, na chapa ikabadilika tena. Kwa hivyo jalada lake hutuambia kitabu kilikuwa chake, na pia hutudokezea kilijalidiwa katika kipindi gani cha maisha yake.

Sasa basi, mtafiti huanzia wapi? Kwanza huieleza ngao kama anavyoiona. Chapa ya dhahabu haionyeshi rangi, na koo mbili zaweza kuwa na mchoro mmoja kwa rangi tofauti. Ndiyo maana katika karne ya 17 ulienea mtindo wa kuchora mistari: ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, na vitone ni dhahabu. Kisha hutazama kilicho juu ya ngao. Taji huashiria cheo cha kikabaila. Kofia pana yenye vishada huashiria kiongozi wa kanisa. Hapo ndipo hufungua marejeleo. Kuhusu Uingereza, Cyril Davenport alichapisha kitabu chake mwaka 1909. Kuhusu Ufaransa, Olivier, Hermal na de Roton walitoa mabuku 30 kati ya 1924 na 1938.

Hata hivyo, tahadhari! Ngao si hatimiliki. Mafundi wa London katika karne ya 16 walipiga nembo ya mfalme kwenye vitabu vya wateja wa kawaida, kama pambo tu. Nako Uholanzi, miji iliwatuza wanafunzi hodari vitabu vyenye nembo ya mji. Nembo hiyo ni ya mtoaji, si ya msomaji.

Naam, miswada yetu ya pwani haina ngao za makabaila, ila mingine ina maandishi ya wakfu na majina ya wenyewe. Ushahidi ni ule ule. Fundi anapong'oa jalada kuukuu na kulitupa ili kitabu kipendeze, humnyamazisha shahidi. Wakutubi wetu, kabla ya kujalidi upya, pigeni picha, pimeni chapa, na jalada la zamani lihifadhiwe pamoja na kitabu chake.