Hita ya bafuni inapotoa maji baridi
Hita ya bafuni ipashayo maji papo hapo inapogoma, wengi hukimbilia kununua mpya, ilhali huenda kasoro ni ndogo. Kabla ya kuifungua, sharti swichi kuu ya nyumba izimwe.

Ndani yake mna kiwambo cha mpira ambacho husukumwa na maji ili kuwasha umeme. Tangi likiwa chini mno, au mchanga ukiziba tundu la kuingizia maji, kiwambo hicho hakisogei. Maji yakitoka kwa nguvu na bado ni baridi, yamkini koili imekatika. Koili nzima ya wati 5,500, kwa umeme wa volti 240, huonyesha takriban omu 10 kwenye mita. Hita hiyo huvuta ampea 23 hivi, na waya mwembamba wa taa hauwezi kuustahimili mzigo huo.

La kuhofiwa zaidi ni mshtuko. Anayeoga akihisi hata mtekenyo mdogo agusapo bomba, huenda waya wa ardhi haukuunganishwa. Kuvaa malapa, kama wafanyavyo wengi, si tiba. Hita hiyo izimwe hadi fundi mwenye leseni ya EPRA aikague.