Redio, Kompyuta na Lugha ya Darasani: Historia ya Teknolojia ya Kufundishia Itazamwapo kutoka Hombolo

Utangulizi

Hombolo ipo kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Wengi hulifahamu jina hilo kwa sababu ya bwawa lililojengwa mwaka 1957 ili kukinga maji ya Mto Kinyasungwe Mdogo, katika eneo ambalo mvua ni haba na kiangazi ni kirefu. Leo zipo kata mbili zichukuazo jina hilo, Hombolo Bwawani na Hombolo Makulu. Pana kituo cha utafiti wa kilimo, na pana Chuo cha Serikali za Mitaa.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, hata hivyo, jambo la kuzingatiwa zaidi ni mpangilio wa lugha. Watoto wengi wa huko huanza kuzungumza kwa Cigogo nyumbani. Waingiapo darasa la kwanza katika shule ya umma, hufundishwa kwa Kiswahili. Wafikapo kidato cha kwanza, vitabu na mitihani hugeuka kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo, kabla ya kumaliza masomo ya sekondari, mwanafunzi huwa amevuka vizingiti viwili vya lugha.

Historia ya teknolojia ya elimu huandikwa kwa kawaida kama historia ya vyombo: redio ilikuja lini, kompyuta ngapi ziligawiwa, umeme ulifika wapi. Mhadhara huu unafuata njia nyingine. Hoja yake ni kwamba, katika Tanzania ya vijijini, chombo kilifundisha pale kilipofika kwa lugha ambayo msikilizaji aliweza kuulizia swali, na palipokuwapo mtu wa kulijibu. Pasipokuwapo mambo hayo mawili, chombo kilibaki kuwa pambo.

Redio na vikundi vya wasikilizaji

Utangazaji wa redio ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilipogeuzwa kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, Serikali ilikuwa na chombo kilichoweza kufika mahali ambapo barabara hupitika kwa msimu tu. Redio haikuhitaji umeme wa gridi, ilihitaji betri. Aidha, haikumtaka msikilizaji ajue kusoma. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa katika nchi ambayo, mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika.

Mfano ulio bora ni kampeni ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi ili kusikiliza vipindi juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa. Kiongozi wa kikundi, aliyekwisha kupewa mafunzo, alisoma kijitabu kwa sauti. Kisha wanakikundi walijadiliana na kukubaliana hatua ya kuchukua: kuchimba choo, kufyeka majani, kuchemsha maji ya kunywa. Mtu aishiye kando ya bwawa hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini somo la kichocho linamhusu.

Yafaa izingatiwe kwamba sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilifanyika baada ya redio kunyamaza. Sauti kutoka Dar es Salaam ilileta habari, lakini elimu ilipatikana katika mabishano. Mabishano hayo yaliwezekana kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuenea vya kutosha hata kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza, na kwa sababu pale Kiswahili kilipopungua, mwenye kikundi aliweza kufafanua kwa Cigogo, Kisukuma au Kihehe. Mkakati rasmi ulikitazama Kiswahili peke yake, lakini katika utekelezaji lugha mbili zilisaidiana. Historia ya Kiswahili mara nyingi imekuwa ikilisahau jambo hili.

Walimu waliofundishwa kwa mbali

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba elimu ya msingi kwa wote, iliyojulikana kwa kifupi cha UPE, ifikiwe ifikapo Novemba 1977. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Suluhisho lililopatikana lilikuwa ni kuwafundisha vijana waliomaliza darasa la saba huku wakifanya kazi ya ualimu katika shule za vijijini. Walipata masomo kwa posta, vipindi vya redio, na uangalizi wa waratibu wa elimu katika kata. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya walimu 35,000 walikuwa wamehitimu kwa njia hiyo.

Mpango huo haukukosa lawama. Wenye mzaha waliifasiri UPE kuwa “Ualimu Pasipo Elimu”, na wapo waliolalamika kwa haki kwamba mwalimu aliyeishia darasa la saba hawezi kumfikisha mwanafunzi mbali. Hata hivyo, kwa upande wa lugha, mpango huo ulithibitisha jambo kubwa. Saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia, hisabati na sayansi vilielezwa kwa Kiswahili, kwa maandishi na kwa sauti, kwa kijana aliyekuwa peke yake kijijini bila mkufunzi wa kila siku. Laiti masomo hayo yangeandikwa kwa Kiingereza, mpango wote usingeanza. Hapa Kiswahili kilidhihirika kuwa sehemu ya mtambo wenyewe, sawa na betri ya redio.

Kompyuta na tatizo la istilahi

Historia ya kompyuta ilikuwa tofauti. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vyombo hivyo, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka 20 hivi. Marufuku hayo yalipolegezwa, kompyuta iliingia ikiwa tayari imepangiwa lugha. Redio ilikuwa chombo kitupu kilichosubiri kutiwa maneno. Kompyuta ilikuja na maneno yake, kuanzia kwenye vitufe hadi kwenye maonyo ya skrini.

Wanaisimu hawakukaa kimya. Yalipendekezwa maneno ngamizi na tarakilishi. La pili limeshika mizizi katika vitabu vya shule vya Kenya, ilhali Tanzania imebaki na kompyuta. Mwaka 2003 nchi ilipata sera ya taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, na kifupi chake, TEHAMA, kikawa neno la kawaida. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisini kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Ulikuwa ushahidi kwamba kazi hiyo inawezekana. Lakini mtumiaji aliyejifunza kwa Kiingereza aliona programu ya Kiswahili kuwa ngeni, na yule ambaye ingemfaa zaidi, yaani mwanafunzi wa kijijini, hakuwa na kompyuta wala umeme.

Kwa mintarafu hiyo, neno kishikwambi linastahili kuchunguzwa. Kwa muda lilikuwa moja tu kati ya istilahi zilizosomwa na kusahauliwa. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilipoendeshwa kwa vifaa hivyo, neno lilitoka kwenye orodha likaingia mikononi mwa makarani, wengi wao wakiwa walimu. Na baada ya sensa vifaa vikagawiwa walimu wa shule za umma. Kilicholipa neno uhai ni kazi iliyofanywa kwalo.

Hitimisho

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, vipindi vya masomo vilirushwa tena kwa redio na televisheni. Safari hii wanafunzi walisikiliza wakiwa majumbani, bila kikundi wala mwenye kukiongoza. Teknolojia ilikuwa bora kuliko ile ya mwaka 1973, lakini swali la msikilizaji halikuwa na pa kwenda.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Mitihani ya sekondari imeendelea kuwa ya Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Hombolo afunguaye somo la fizikia katika skrini hukabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: fizikia, chombo, na lugha. Akishindwa, ni vigumu kujua ni lipi kati ya hayo lililomshinda. Na mara nyingi lawama huangukia kichwa chake.

Wajibu wa wataalamu wa Kiswahili, basi, haumaliziki kwa kuunda istilahi na kuzichapisha. Istilahi hazina budi kupelekwa kwa walimu wa kata kama za Hombolo, zijaribiwe mbele ya wanafunzi, na zile zisizoulizika wala kujibika zirudishwe mezani. Vikundi vya wasikilizaji vya mwaka 1973 vilifanya kazi ya namna hiyo bila kuiita utafiti.