Safari ya Mpigo wa Moyo

Msomaji wangu, weka kiganja kifuani pako, utulie kidogo. Mpigo huo unaousikia una historia ya safari ndefu.

Katika mji wa Leiden, nchini Uholanzi, alikuwako tabibu aitwaye Willem Einthoven. Aliunda chombo cha kuandika umeme mdogo utokao moyoni. Uzito wake ulikuwa kilo 270 hivi, na watu watano walihitajiwa kukiendesha. Chombo kilikuwa maabarani, na wagonjwa hospitalini, mwendo wa kilometa moja na nusu. Ahamishwe nani? Chombo hakichukuliki, na mgonjwa mahututi hasumbuliwi. Basi mwaka 1905 Einthoven aliutumia waya wa simu. Umeme wa moyo ukasafiri peke yake mpaka maabarani, ukaandikwa huko.

Walakini waya humfunga mtu mahali pamoja. Katika miaka ya 1940, huko Marekani, Norman Holter aliunda redio ya kupeleka mpigo wa moyo wa mtu atembeaye. Lakini mzigo wa kubeba mgongoni ulikuwa wa kilo 38 hivi! Vyombo vikazidi kupungua, hata kufikia mwaka 2001 chombo kidogo kilichopandikizwa kifuani ili kuuongoza moyo dhaifu kiliweza kumpelekea daktari habari kwa minara ya simu za mkononi, mgonjwa akiwa nyumbani kwake.

Hapo ndipo pana jambo la kupima. Mgonjwa ana chombo, lakini mnara si wake. Mwaka 2022 kampuni kubwa za simu za Marekani zilizima mitambo ya 3G ili kuipisha mipya. Sababu walikuwa nayo, kwa maana masafa ya redio yana mpaka, na mgeni hapati nafasi mpaka mwenyeji aondoke. Serikali ilikuwa imeonya mapema kwamba vyombo vya tiba navyo vingeguswa. Kile kilichojua lugha ya 3G tu, kisibadilishwe kwa wakati, kiligeuka bubu. Moyo uliendelea kupiga. Msikilizaji ndiye aliyekosekana.

Basi, kijana, usidhani kwamba historia ya uvumbuzi ni ya wavumbuzi peke yao; ni ya walinzi wa njia pia. Kesho huenda ukawa mhandisi, muuguzi au waziri. Utakapoletewa shauri la kuifunga njia ya kale, uliza kwanza: ni nani angali akipita humo?