Namna ya kumsaidia mwanafunzi kuunda milinganyo ya aljebra kutokana na hesabu za maelezo

Mpe mwanafunzi mlinganyo 3x + 5 = 20, naye atakuambia upesi kwamba x ni 5. Mwambie kwamba mtu alinunua maembe matatu, akalipa nauli ya shilingi 5, na kwa jumla akatumia shilingi 20, kisha umuulize bei ya embe moja. Aghalabu mwanafunzi yuyo huyo atakodoa macho, aumeume kalamu, na hatimaye aanze kujumlisha nambari zote anazoziona.

Hesabu hizi mbili ni moja. Tofauti ni kwamba ya kwanza imekwisha kutafsiriwa, ilhali ya pili inamtaka mwanafunzi aitafsiri mwenyewe. Hapo ndipo wengi hukwama, na hapo ndipo wengi hujihukumu kwamba hawana akili ya hisabati, hali tatizo lao ni la lugha.

Nchini Kenya tatizo hili lina uzito wake. Kuanzia Gredi ya 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo basi mtoto anayezungumza Kiswahili au lugha ya mama nyumbani hulazimika kutafsiri mara mbili: kwanza aelewe Kiingereza cha swali, kisha akigeuze kuwa alama za hisabati. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, lakini mabadiliko ya mtaala hayakuziondoa hesabu za maelezo. Zingali zinamsubiri mwanafunzi katika sekondari msingi na hata baadaye.

Aljebra ilianza kwa maneno

Yafaa mwanafunzi ajue kwamba aljebra yenyewe ilizaliwa katika maneno. Neno hilo limetokana na anwani ya kitabu cha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mtaalamu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Katika anwani hiyo hiyo mna neno hisab, ambalo sisi tunaliita hesabu.

Al-Khwarizmi hakutumia x wala alama ya usawa. Aliandika kila kitu kwa maneno, na kiasi asichokijua alikiita shay, yaani kitu. Mraba wa kiasi hicho aliuita mal, neno lile lile lililotupatia mali katika Kiswahili. Alama ya usawa tunayoitumia leo ilibuniwa na Robert Recorde wa Wales mwaka wa 1557. Aliona kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja.

Kwa hiyo alama za aljebra ni mkato tu wa maneno. Mtoto akilielewa hilo, hofu humpungua.

Hatua tano za kufuata

Kwanza, mwanafunzi asome swali bila kushika kalamu, kisha alisimulie kwa maneno yake mwenyewe. Asimulie kwa lugha yoyote anayoimudu. Mtaalamu wa hisabati George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka wa 1945 kuhusu utatuzi wa maswali, aliweka kulielewa swali kuwa hatua ya kwanza kabla ya mpango wowote. Asiyeweza kulisimulia swali hajawa tayari kulikokotoa.

Pili, akitaje kisichojulikana na kukiandika kwa ukamilifu. Asiandike "d ni daftari". Aandike "d ni bei ya daftari moja kwa shilingi". Herufi husimama badala ya nambari, haisimami badala ya kitu. Kosa hili huonekana dogo, lakini ndilo mama wa makosa mengi yajayo.

Tatu, atafute usawa. Kila mlinganyo husema kwamba kiasi fulani ni sawa na kingine. Mwanafunzi ajiulize: katika kisa hiki, ni vitu gani viwili vinavyolingana? Aseme jibu kwa maneno kabla ya kuandika alama yoyote.

Nne, atafsiri kipande kwa kipande, akiandika kila kipande chini ya maneno yake.

Tano, alirudishe jibu kwenye kisa, si kwenye mlinganyo. Ikiwa mlinganyo ulikosewa tangu mwanzo, jibu litaukubali mlinganyo huo mbovu bila shida. Kisa ndicho shahidi wa kweli.

Mfano wa dukani

Mwanafunzi alinunua madaftari 4 ya bei moja na kalamu ya shilingi 20. Alitoa noti ya shilingi 200, akarudishiwa shilingi 20. Daftari moja ni bei gani?

Tuseme d ni bei ya daftari moja kwa shilingi. Usawa ni huu: bei ya madaftari, pamoja na bei ya kalamu, pamoja na chenji, ni sawa na pesa zilizotolewa. Basi 4d + 20 + 20 = 200. Tukitoa 40 pande zote mbili, 4d = 160, na d = 40.

Tulirejee duka. Madaftari 4 kwa shilingi 40 ni shilingi 160, kalamu ni 20, jumla 180. Chenji ya 200 ni 20. Kisa kimekubali.

Mitego inayowanasa wengi

Mtego wa kwanza ni kutegemea neno moja. Watoto wengi hufundishwa kwamba "zaidi" maana yake ni kujumlisha. Sasa zingatia swali hili: Juma ana shilingi 50, ambazo ni shilingi 15 zaidi ya pesa za Asha. Asha ana shilingi ngapi? Anayelifuata neno "zaidi" kibubusa atajibu 65. Lakini a ikiwa ni pesa za Asha, basi a + 15 = 50, na Asha ana shilingi 35. Neno lilikuwa la kujumlisha, naam, ila kinachojumlishiwa ni pesa za Asha.

Mtego wa pili ni mpangilio wa maneno. Swali likisema "tano pungufu ya nambari fulani", tano hutangulia katika sentensi, lakini mlinganyo huanza na nambari: n - 5. Anayeandika 5 - n amefuata masikio badala ya maana. Ajaribu kwa nambari anayoijua: tano pungufu ya 12 ni 7, nayo hupatikana kwa 12 - 5.

Mtego wa tatu ni mabano. "Mara mbili ya nambari, kisha ongeza 3" ni 2n + 3. "Mara mbili ya jumla ya nambari na 3" ni 2(n + 3). Nambari ikiwa 10, ya kwanza ni 23 na ya pili ni 26.

Mtego wa nne umewanasa hata wanafunzi wa vyuo vikuu. Tuseme shule ina wanafunzi 40 kwa kila mwalimu mmoja. Ikiwa w ni idadi ya wanafunzi na m ni idadi ya walimu, wengi huandika 40w = m. Watafiti nchini Marekani walipowapa wanafunzi wa uhandisi swali la namna hii, zaidi ya thuluthi moja walikosea, na wengi wao waligeuza uhusiano jinsi hiyo. Dawa ni kujaribu: walimu wakiwa 2, wanafunzi ni 80. Mlinganyo unaokubali nambari hizo ni w = 40m.

Swali la umri

Maswali ya umri huwatoa jasho wengi. Mama ana umri mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka 12, umri wake utakuwa mara mbili ya ule wa mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi sasa?

Mwanafunzi achore jedwali dogo lenye nguzo mbili, "sasa" na "baada ya miaka 12". Mtoto sasa ni m, baadaye m + 12. Mama sasa ni 3m, baadaye 3m + 12. Jedwali humkumbusha kwamba miaka haimpiti mtu mmoja ikamwacha mwingine. Wote wawili huongeza 12.

Usawa uko katika nguzo ya baadaye: 3m + 12 = 2(m + 12). Tukifungua mabano, 3m + 12 = 2m + 24, hivyo m = 12. Mtoto ana miaka 12 na mama 36. Baada ya miaka 12 watakuwa na 24 na 48, na 48 ni mara mbili ya 24.

Kazi ya mzazi

Mzazi ambaye hakusoma aljebra, au aliyeisahau, asijitoe. Hahitaji kujua jibu. Anahitaji maswali matatu tu: Ni nini tusichokijua? Ni nini tunachokijua? Ni kitu gani kilicho sawa na kingine? Kisha anyamaze na kumpa mtoto nafasi ya kufikiri.

Tena, mambo ya nyumbani ni hazina. Nauli ya matatu, bei ya unga, mgao wa maji, kuku na mbuzi wa shambani, yote ni milinganyo inayosubiri kuandikwa. Mwambie mtoto: zizini mna kuku na mbuzi, vichwa 20 na miguu 56. Kuku wakiwa k, mbuzi ni 20 - k, na 2k + 4(20 - k) = 56. Kuku ni 12, mbuzi 8. Bibi asiyejua aljebra anaweza kulithibitisha jibu hilo: kama wote wangekuwa kuku, miguu ingekuwa 40, imezidi 16, na kila mbuzi huongeza miwili, basi mbuzi ni 8.

Zoezi jingine lenye faida kubwa ni kinyume cha haya yote. Mpe mtoto mlinganyo, kwa mfano 5n - 10 = 90, umwambie atunge kisa chake. Anayeweza kutoka kwenye alama hadi kwenye kisa hatababaika atakapotakiwa kurudi.

Zaidi ya yote, asiharakishwe. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Mtoto anayetumia dakika mbili kulielewa swali kabla ya kuandika hajapoteza muda. Amejiepusha na dakika kumi za kufuta.