Ali Hassan Mwinyi: Balozi, Rais na Msimulizi wa Historia Yake Mwenyewe

Ikisiri

Makala hii inachunguza maisha ya Ali Hassan Mwinyi (1925–2024) kwa kuzitazama pamoja nafasi zake tatu: mwanasiasa, mwanadiplomasia na mwandishi wa tawasifu. Hoja kuu ni kwamba kujiuzulu kwake mwaka 1977 ndiko kunakoziunganisha nafasi hizo. Hata hivyo, sifa ya tendo hilo imekua kiasi cha kuwafunika watu ambao vifo vyao ndivyo vilivyolisababisha. Makala inapendekeza kwamba tawasifu ya kiongozi isomwe kama ushahidi wa shahidi mmoja: una thamani kubwa, lakini hautoshi peke yake.

1.0 Utangulizi

Nyuma ya jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mkuza ya Kibaha, kupitia Kisarawe hadi Mkuranga, ipo nchi ambayo historia ya kisiasa ya Tanzania huitaja kwa nadra. Ni nchi ya mashamba ya minazi na mikorosho, ya vyuo vya Kurani na ya watu ambao kwa vizazi vingi wamekuwa wakivuka bahari kati ya Mrima na Unguja. Katika nchi hiyo, kijijini Kivure, eneo ambalo siku hizi limo katika Wilaya ya Mkuranga, alizaliwa Ali Hassan Mwinyi tarehe 8 Mei 1925. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 29 Februari 2024 na kuzikwa Mangapwani, Unguja.

Mwinyi alipenda kuwakumbusha wasikilizaji wake kwamba mwanadamu huishia kuwa hadithi, na kwa hiyo ajitahidi kuwa hadithi njema kwa watakaoisimulia. Wazo hilo ni kongwe katika fasihi ya Kiarabu. Limo katika Maqsura, utenzi mashuhuri wa Ibn Duraid, mwanaleksikografia na mshairi aliyefariki Baghdad mwaka 933 baada ya kuishi kwa miaka kadhaa Oman. Lakini wazo hilo linazaa swali ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa. Ikiwa hadithi ya mtu ni mali ya wasimulizi, inakuwaje pale mhusika mwenyewe anapokuwa msimulizi wa kwanza?

2.0 Mwalimu kabla ya mwanasiasa

Mwinyi alipelekwa Unguja angali mtoto, akasoma Mangapwani na baadaye Dole. Kabla ya kushika wadhifa wowote wa kisiasa alikuwa mwalimu kwa takriban miaka 20. Alifundisha na kuongoza shule Mangapwani, akasomea ualimu Uingereza katikati ya miaka ya 1950, kisha akawa mkufunzi na hatimaye mkuu wa chuo cha ualimu Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 aliingia katika utumishi wa Wizara ya Elimu, halafu katika shirika la biashara la serikali ya Zanzibar.

Maelezo haya yana uzito kwa msomaji wa jarida la lugha. Kizazi cha walimu wa Unguja cha miaka ya 1940 na 1950 kilirithi kwa pamoja darsa la msikitini na darasa la serikali. Kiswahili cha hotuba za Mwinyi, chenye methali, misemo ya Kiarabu na mzaha wa upole, ni zao la mikondo hiyo miwili. Aidha, tabia ya mwalimu ya kueleza sababu kabla ya kutoa amri ilibaki naye hata alipokuwa Ikulu.

3.0 Januari 1977

Mwaka 1970 Mwinyi aliingia katika Baraza la Mawaziri la Muungano, na katikati ya muongo huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wakati huo mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji, mengi yakihusishwa na tuhuma za uchawi. Vyombo vya dola vilifanya msako mkubwa, watu wengi wakakamatwa na kuteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa wale waliowashikilia. Habari zilipobainika, Mwinyi alijiuzulu Januari 1977. Alijiuzulu pia Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili.

Hapana anayedai kwamba Mwinyi aliagiza mateso hayo. Hapo ndipo ulipo uzito wa tendo lake: alibeba dhamana ya makosa yaliyotendwa na walio chini yake. Tangu hapo, kila linapozuka suala la uwajibikaji nchini Tanzania, jina la Mwinyi hutajwa kama kielelezo, na taarifa nyingi za maombolezo ya mwaka 2024 zilifanya hivyo.

Hata hivyo, mfano ukirudiwa mno hugeuka ngano. Katika usimulizi wa hadharani, kujiuzulu kumekuwa tukio kamili lenye shujaa mmoja na funzo moja. Waliokufa wamebaki kuwa sababu tu ya tukio hilo. Hawana majina wala vijiji, na wajane wao hawatajwi. Kisarufi tunaweza kusema kwamba waziri amekuwa kiima cha kila sentensi, ilhali waliofia mahabusu hawapewi hata nafasi ya yambwa. Hoja hii haipunguzi heshima ya Mwinyi. Inaonyesha tu kwamba kumbukumbu ya taifa imechagua sehemu ya tukio iliyo rahisi kujivunia.

4.0 Balozi jijini Cairo

Baada ya kujiuzulu, Mwinyi aliteuliwa kuwa Balozi wa Tanzania nchini Misri, akatumikia huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wapo wanaokiona kipindi hiki kama likizo ya kisiasa. Kalenda ya matukio haikubaliani nao. Novemba 1977 Rais Anwar Sadat alikwenda Jerusalem; Septemba 1978 yakafikiwa makubaliano ya Camp David; Machi 1979 ukatiwa saini mkataba wa amani kati ya Misri na Israeli. Nchi za Kiarabu zikaisusia Misri, na makao makuu ya Umoja wa Nchi za Kiarabu yakahamishiwa Tunis. Oktoba 1981 Sadat akauawa.

Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano na Israeli tangu 1973 na iliunga mkono haki za Wapalestina. Isitoshe, katika vita vya 1978–1979 dhidi ya Idi Amin, majeshi ya Libya yalipigana upande wa Amin. Kuiwakilisha Dar es Salaam katika mazingira hayo kulidai usikivu na ulimi wenye kiasi. Kwa mtu aliyelelewa katika elimu ya Kiislamu na aliyejua uzito wa neno, Cairo ilikuwa chuo cha pili.

5.0 Urais na neno "rukhsa"

Mwinyi alirejea nchini na kupewa uwaziri. Mwishoni mwa Januari 1984 Aboud Jumbe alijiuzulu katika mvutano kuhusu muundo wa Muungano, na Mwinyi akashika uongozi wa Zanzibar. Kwa hiyo mzaliwa wa Mrima aliongoza visiwa wakati ambapo uhusiano wa visiwa na bara ndio uliokuwa kiini cha mgogoro. Oktoba 1985 alichaguliwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, akimpokea Julius Nyerere.

Miaka kumi ya urais wake ilileta mpango wa kufufua uchumi na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Wananchi wakampa jina la Mzee Rukhsa. Neno hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika fikihi, rukhsa ni tahafifu: mja husamehewa ugumu wa hukumu kwa sababu ya dhiki, lakini hukumu yenyewe haifutwi. Hivyo ndivyo Azimio la Zanzibar lilivyofanya. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967 yalilegezwa, bila Azimio hilo kutangazwa kuwa limekufa. Wakosoaji waliona humo mlango wa ulimbikizaji wa mali miongoni mwa viongozi, na watetezi waliona nafuu baada ya miaka ya foleni na maduka matupu. Maana zote mbili zimo ndani ya neno hilo moja.

6.0 Tawasifu na matini nyingine

Tarehe 8 Mei 2021, siku alipotimiza miaka 96, tawasifu yake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, ilizinduliwa Dar es Salaam na Rais Samia Suluhu Hassan. Uamuzi wa kuiandika kwa Kiswahili si jambo dogo. Nyerere hakuacha tawasifu, na Benjamin Mkapa alichapisha yake kwa Kiingereza mwaka 2019. Kwa Kiswahili chake, Mwinyi amejiunga na mkondo unaoanzia kwa Tippu Tip na kupitia kwa Shaaban Robert, ambamo mtu huyasimulia maisha yake mbele ya watu wanaomfahamu na wanaoweza kumsahihisha.

Usahihishaji huo ulikwisha kuanza. Katika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, Nyerere aliandika kwa ukali kuhusu Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu na kuhusu hoja ya wabunge waliotaka serikali ya Tanganyika, yote yakiwa yametokea chini ya uongozi wa Mwinyi. Vitabu hivi viwili vinafaa kufundishwa pamoja. Kimoja ni hoja iliyoandikwa katikati ya moto, na kingine ni kumbukumbu ya uzeeni. Kimoja kinashitaki, kingine kinahadithia. Mwanafunzi atakayesoma kimoja tu atapata nusu ya muongo.

7.0 Hitimisho

Mwinyi alikuwa mwanahistoria kwa maana finyu lakini halisi: aliitunza kumbukumbu yake na kuikabidhi kwa wasomaji katika lugha yao. Wajibu unaobaki ni wa watafiti. Maisha yake ameyaandika mwenyewe, lakini maisha ya waliofia mahabusu Mwanza na Shinyanga bado hayajapata msimulizi anayelingana na uzito wake. Nyaraka za mahakama, magazeti ya wakati huo na simulizi za familia ni vyanzo vinavyopaswa kufuatwa kabla wazee waliosalia hawajaondoka. Tendo la Januari 1977 lilikuwa kukiri kwamba vifo vile vilikuwa na mwenye dhamana. Kulienzi ipasavyo ni kuwarudishia marehemu wale majina yao.