Injini Mapacha, Kodi kwa Mmoja

Mwaka 1992 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza gari la spoti liitwalo Dodge Viper: viti viwili, silinda kumi, injini ya lita 8. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo hiyo ikatoa pikapu mpya, Dodge Ram, ambayo mteja angeweza kuinunua na injini ya silinda kumi, lita 8. Injini hizo zilikuwa za ukoo mmoja. Ile ya Viper ilitokana na mradi wa injini ya pikapu, ikatengenezwa upya kwa alumini ili iwe nyepesi, kwa msaada wa Lamborghini, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Chrysler. Ya Ram ikabaki ya chuma kizito.

Zote mbili zilikunywa petroli bila huruma. Lakini serikali ilipopita kukusanya kodi ya magari yanayobugia mafuta, ilibisha mlango mmoja tu. Viper ililipa. Ram haikulipa hata senti.

Kuelewa jambo hili lazima turudi Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliinyima Marekani mafuta kwa kuiunga mkono Israeli vitani. Bei ikapanda, foleni zikajaa vituoni, na taifa lililozoea magari marefu kama mitumbwi likagundua kwamba shingo yake iko mikononi mwa wengine. Mwaka 1975 bunge la huko likapitisha sheria ya wastani: magari yote madogo ya kampuni, yakichanganywa pamoja, yafikishe maili 18 kwa galoni kufikia 1978, na maili 27.5 kufikia 1985. Wastani una siri yake, kwani kampuni ingeweza kuuza gari moja lafi na kulificha nyuma ya vigari kadhaa visivyokula sana.

Rais Jimmy Carter alitaka kuziba mwanya huo. Katika mpango wake wa nishati wa Aprili 1977 alipendekeza mambo kadhaa. La kwanza, kodi ya petroli ambayo ingeongezeka mwaka hadi mwaka iwapo taifa lingeshindwa kupunguza matumizi. La pili, kodi kwa magari mapya yanayokula mafuta sana. La tatu, pesa za kuwatuza wanaonunua magari yasiyokula mafuta mengi. Bunge likaichinja ile ya petroli. Tuzo nayo ikafia njiani. Iliyobaki hai ni kodi ya gari lafi, na Carter akaitia sahihi tarehe 9 Novemba 1978.

Si vigumu kuona kwa nini hiyo ndiyo iliyoponea. Kodi ya petroli humgusa kila mpiga kura kila wiki. Kodi ya gari la kifahari humgusa tajiri mmoja, mara moja, na hata yeye haioni ikitoka mfukoni, kwa sababu anayeilipa ni kiwanda au mwagizaji, kisha inaingia kwenye bei.

Ilianza kwa upole. Kwa magari ya mwaka 1980, lililoshindwa kufika maili 15 kwa galoni, yaani kama kilomita 6.4 kwa lita, lililipiwa dola 200, na lafi kupita yote dola 550. Kamba ikazidi kukazwa. Kuanzia 1986 mpaka uliwekwa kwenye maili 22.5, takriban kilomita 9.6 kwa lita. Mwaka 1991 viwango vikaongezwa maradufu: kuanzia dola 1,000 hadi dola 7,700 kwa gari lisilofika maili 12.5.

Na iliuma kweli, angalau mwanzoni. Mwaka 1989 Chevrolet Corvette ilipata giaboksi mpya ya gia sita yenye ujanja wa ajabu. Ukiondoka taratibu na gia ya kwanza, ukitaka kuingiza ya pili, mtambo unakuzuia na kukusukuma moja kwa moja hadi ya nne. Kwenye maabara ya kupima mafuta, kuruka gia hizo kuliokoa matone ya kutosha kuivusha Corvette upande wa pili wa mpaka, ikakwepa kodi. Barabarani madereva walilalamika, na haukupita muda mrefu wakaanza kuuziwa kifaa kidogo cha kuuzima ujanja huo. Gari likafaulu mtihani, kisha mwenyewe akaenda nyumbani akaendesha apendavyo.

Lakini ujanja wa Corvette ni mchezo wa watoto ukilinganisha na shimo lililokuwa ndani ya sheria yenyewe. Kodi ilihusu magari ya abiria tu. Pikapu, vani na magari ya kupanda milima ziliachwa nje. Wakati huo ilionekana ni haki. Pikapu ilikuwa chombo cha kazi: mkulima na nyasi zake, fundi na mabomba yake. Katikati ya miaka ya 1970 magari ya kundi hilo yalikuwa takriban moja kati ya matano yaliyouzwa. Nani angemtoza kodi mkulima?

Kumbe mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mkulima ulikuwa mpana wa kupitisha taifa zima. Minivani ya Chrysler ikaingia katika miaka ya 1980, Ford Explorer ikafuata mwaka 1990, na wakili wa mjini akaanza kwenda kazini na gari ambalo kwa macho ya sheria ni la kubeba nyasi. Leo kundi hilo la moja kati ya matano ni zaidi ya nusu ya magari mapya ya Marekani.

Wakati huohuo kodi ikawazeekea matajiri waliobaki ndani ya wavu. Viwango vya 1991 havikuwekewa kipengele cha kupanda pamoja na bei za vitu. Hebu tuhesabu. Bugatti Veyron iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Hata ukilitoza gari kama hilo kiwango cha juu kabisa, dola 7,700, hujafikisha asilimia moja ya bei. Mnunuzi wa aina hiyo hashtuki.

Sisi nasi tuna mpaka wetu. Sheria ya Fedha ya Kenya ya 2019 ilipandisha ushuru wa bidhaa hadi asilimia 25 kwa magari yanayozidi cc 1500, na ndiyo maana nambari hiyo iko midomoni mwa kila anayeagiza gari kutoka Japani. Lakini cc hupima ukubwa wa injini, haipimi mafuta yanayonywewa. Injini ndogo yenye turbo ndani ya gari zito inapita kwa amani.

Historia ya kodi hii haisemi kwamba kodi hazifanyi kazi. Corvette iliruka gia mbili nzima kwa ajili ya kodi. Inachosema ni kwamba watengenezaji hutii kile kilichoandikwa, herufi kwa herufi. Sheria ya 1978 iliandika jina la gari mahali ambapo ingeandika petroli, na kwa hiyo Viper ikalipa kwa niaba ya ndugu yake Ram, ambaye alikuwa na mzigo mkubwa zaidi na jamaa wengi zaidi barabarani.